Moshi Ukiisha, Sumu Haijaisha: Jiko la Kuni na Mkaa Kwenye Banda la Vifaranga



Juni imeingia. Sisi tulio huku Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kalenda kulijua hilo. Usiku Njombe, Makete na Mufindi kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo unaamka unakuta barafu nyembamba juu ya majani. Na huu ndio wakati vijana wengi wanaingiza vifaranga vya nyama, macho yote kwenye soko la Nane Nane.

Sasa piga hesabu. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Kama nje ni nyuzi 8 na ndani unataka 33, una pengo la nyuzi 25 la kuziba usiku kucha, kila usiku. Umeme unakatika, gesi ina bei yake. Mwisho wa siku wengi tunarudi kwenye kuni na mkaa, na mimi sitakulaumu kwa hilo. Ninachotaka leo ni tukubaliane namna ya kuutumia huo moto bila kuua vifaranga, na bila kujiua wewe.

Nasema kujiua wewe kwa sababu nakujua. Wiki ya kwanza unalala bandani, au kwenye stoo iliyopakana na banda, ili uamke kuongeza mkaa. Mtaji wote umelala pale, na wewe unalala pale.

Ule mkaa mwekundu usio na moshi

Tumezoea hivi toka tukiwa wadogo. Jiko linawashwa nje, linapulizwa na upepo, moshi ukishaisha na mkaa ukishakuwa mwekundu, linaingizwa ndani. Mama alifanya hivyo, bibi alifanya hivyo. Tukiona hakuna moshi tunaamini hatari imebaki nje.

Asikudanganye mtu. Moshi ni ile sehemu ya uchafu unayoiona. Kuna hewa nyingine inaitwa kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu, haikereketi koo wala kuwasha macho. Inatokea pale kuni, mkaa au makaa ya mawe yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Na mkaa mwekundu uliotulia, ule usio na mwali, ndio unaoitoa kwa wingi. Maana yake ni kwamba jiko linalopendeza macho kuliko yote, jekundu, kimya, bila moshi, ndilo la kuogopa zaidi ukiwa umefunga mlango.

Inavyoua ni hivi. Damu yetu inabeba oksijeni kwa kutumia himoglobini. Kaboni monoksaidi inaishika ile himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Ni kama abiria aliyekaa kwenye siti na hataki kushuka, oksijeni inabaki kituoni. Unaendelea kupumua vizuri tu, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Kichwa kinauma, unachoka, unasikia usingizi. Na aliyelala tayari hasikii chochote, anaunganisha usingizi mmoja na mwingine.

Halafu kuna imani kwamba hewa hii inakaa chini, kwa hiyo ukilala kitanda cha juu uko salama. Hapana. Uzito wake unakaribiana sana na hewa ya kawaida, kwa hiyo inajichanganya chumba kizima. Na nyumba zetu nyingi kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Jiko likiwa bandani, hewa inapanda juu ya ukuta na kushukia stoo uliyolala.

Vifaranga wanakufa, dawa haifanyi kazi

Kuna kijana mmoja alinipigia simu msimu wa baridi uliopita. "Kaka afisa, vifaranga vinaisha. Nimewapa vitamini, nimewapa antibiotiki, sioni mabadiliko. Nadhani wamenipa vifaranga vibovu." Alikuwa ameingiza 300 kwa mkopo wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, na siku ya tano alishapoteza zaidi ya 40.

Nilipofika nilikuta banda limefungwa kwa nailoni toka chini mpaka juu, hata pale juu ya ukuta pameshindiliwa viroba. Ndani kuna majiko matatu ya mkaa. Vifaranga walikuwa wamezubaa, hawajajikunyata kama wenye baridi wala hawahemi kama wenye joto. Waliokuwa karibu na mlango ndio waliokuwa wamechangamka. Maranda yameloa, harufu ya amonia inachoma pua.

Nikamuuliza, "Na wewe unajisikiaje?" Akacheka kidogo. Akasema kila asubuhi kichwa kinamgonga, amepima malaria mara mbili hakuna kitu, lakini amekunywa dawa hivyo hivyo. Ikifika saa nne akiwa shambani kinapoa. Analala stoo na mdogo wake wa darasa la sita, na yule mtoto alikuwa ametapika alfajiri siku mbili mfululizo.

Tuliyatoa majiko nje kabla ya kuongea lingine lolote. Kisha tukaondoa viroba juu ya ukuta, na yule mtoto akapelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Vifo vya vifaranga vilipungua ndani ya siku mbili bila dawa mpya.

Chukua kipimo hiki ukae nacho: maumivu ya kichwa yanayokuja ukiwa na moto na kuondoka ukikaa nje, yashuku kwanza kuwa ni ya jiko. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, bila homa, usisubiri. Kifaranga naye ni hivyo hivyo. Akikosa oksijeni siku za mwanzo anaweza kuonekana amepona, halafu wiki ya nne unakuta kuku wa nyama amejaa maji tumboni. Ile hasara uliipanda wiki ya kwanza.

Moto nje, joto ndani

Jibu la tatizo hili tunalo hapa hapa nchini miaka mingi. Kama umewahi kufika Urambo au sehemu za Iringa wanakolima tumbaku ya mvuke, umeona bani. Mdomo wa tanuru uko nje ya ukuta. Kuni zinaingizwa kwa nje, moto unapita kwenye mabomba ya chuma yanayozunguka ndani ya bani, moshi unatokea kwenye bomba la juu upande wa pili. Tumbaku inakaushwa na joto la bomba, moshi hauigusi. Mkulima hataki jani lake linuke moshi.

Kama jani la tumbaku linastahili hewa safi, wewe na vifaranga wako mnastahili pia. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea jiko la namna hiyo kwa pipa la lita 200. Mweleze hivi:

1. Mdomo wa jiko uwe nje ya ukuta. Mwili wa pipa uwe ndani, unapowekea kuni na kutolea majivu pawe nje. Pipa linapopita ukutani, ukuta uwe wa tofali, na paziwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Simenti tupu itapasuka kwa joto.

2. Pipa liwe lililobeba kitu kisicho na sumu. Pipa la viuatilifu usiliguse kabisa. Pipa lililobeba mafuta lioshwe vizuri na lijazwe maji kabla ya kukatwa, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi akiweka moto.

3. Bomba la moshi liwe la chuma cheusi, upana wa inchi 6. Bati la mabati lililopakwa zinki usilitumie karibu na jiko, likipata joto kali linatoa mvuke wenye madhara. Kona zisizidi mbili. Bomba linalolala liwe na mwinuko kidogo kuelekea linakotokea.

4. Viungo vya bomba. Bomba la juu liingie ndani ya bomba la chini. Wengi wanafanya kinyume wakidhani moshi utavuja, lakini moshi unavutwa juu. Kinachoshuka ni majimaji meusi ya lami, na ukiunganisha vibaya yanamwagikia nje ya bomba.

5. Urefu. Bomba litokeze juu ya paa kwa mita 1 angalau, na liwe juu zaidi kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, pamoja na kilele cha paa lenyewe. Bomba fupi linarudisha moshi ndani kukiwa na upepo.

6. Umbali na vitu vinavyoungua. Pipa likae sentimita 90 kutoka kwenye mbao, nailoni au turubai. Bomba likae sentimita 45. Linapopita kwenye paa, mbao za kenchi zisiliguse. Chini ya pipa weka mchanga au tofali, na zungushia kiukuta cha tofali ili maranda na vifaranga visilifikie.

Hata ukiwa na jiko zuri namna hii, acha nafasi ya hewa ya kiganja kimoja juu ya ukuta, chini ya paa, pande zote mbili za banda. Pazia la banda lifungwe chini na lishuke kutoka juu, ili hewa baridi iingilie juu na kujichanganya na joto kabla ya kumfikia kifaranga. Najua utasema joto litapotea. Linapotea kidogo, kweli. Ongeza kuni, usizibe hewa.

Na kama bado huna hela ya pipa, ukalazimika kutumia majiko ya mkaa au vyungu kwa msimu huu, basi mambo mawili hayana mjadala: juu ya ukuta pabaki wazi usiku kucha, na hakuna mtu anayelala humo wala kwenye chumba kinachoshirikiana dari na humo. Weka kengele kwenye simu, amka, ingia, ongeza mkaa, toka. Mkaa mpya uwashie nje.

Kuni kavu ndiyo pesa

Ukanda wetu una miwati, mikaratusi na misindano. Kuni za miwati ni nzito na zinakaa na moto muda mrefu. Misindano inawaka haraka, nzuri kwa kuanzishia. Lakini kuliko aina ya mti, angalia ukavu. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji kwanza. Umelipia kuni, umepata mvuke.

Zaidi ya hasara, kuni mbichi zinajaza bomba lami nyeusi. Siku moja ukiweka moto mkali ile lami inashika moto ndani ya bomba, unasikia mngurumo kama wa lori, na paa linafuata.

Kata na pasua kuni miezi 6 hadi mwaka kabla ya kuzitumia. Zipange juu ya magogo zisiguse ardhi, funika juu tu, ubavuni paache upepo upite. Kuni kavu utazijua: nyufa kwenye ncha, nyepesi mkononi, ukizigonganisha zinalia "ko", mbichi zinalia "bu". Kwa hiyo kuni za Juni zinaandaliwa kuanzia Desemba au mapema zaidi. Ziweke kwenye mpango wako wa biashara kama unavyoweka chakula na chanjo.

Bomba likaguliwe na kusuguliwa kila ukimaliza kundi moja la vifaranga. Lami ikifika unene wa milimita 3, usiwashe tena mpaka uisafishe.

Makaa ya mawe ni habari nyingine

Tuna makaa ya mawe kule Kiwira na Ngaka, na siku hizi kuna mkaa mbadala unaotengenezwa nayo. Vijana wananiuliza kama wanaweza kuyatupia kwenye jiko la pipa. Jibu langu: kama jiko lilijengwa kwa kuni, hapana.

Kuni zinaungua vizuri juu ya kitanda cha majivu, hewa ikiingilia juu. Makaa ya mawe yanataka wavu mzito wa chuma na hewa inayotoka chini yake. Yanatoa joto kali kuliko kuni, na chuma chembamba cha pipa kinapinda na kutoboka. Yana salfa inayokula bomba. Vipande ghafi usiviwashe kamwe kwenye jiko la wazi ndani ya nyumba. Ule mkaa mbadala nao unatoa kaboni monoksaidi kama mkaa mwingine wowote, hata kama umeandikwa kuwa hauna moshi. Umeshaelewa sasa kwamba kukosa moshi siyo usalama.

Kuendesha jiko usiku

- Jioni, kabla ya kuwasha, hakikisha bomba limefunguka. Bomba likiwa baridi moshi unaweza kurudi, kwa hiyo anza na karatasi au majani makavu kulipasha.
- Usiwashie petroli wala mafuta ya taa.
- Moto mdogo wenye mwali ni bora kuliko jiko lililojazwa kuni halafu likabanwa hewa ili lifike asubuhi. Lile lililobanwa linafuka, linajaza lami, na linatengeneza ile sumu.
- Kilango cha bomba kisifungwe kabisa wakati kuna kaa jekundu ndani. Alfajiri moto unapofifia bomba linapoa na mvuto unapungua, lakini kaa bado linatoa hewa mbaya.
- Jiko la chuma lenye moto usilimwagie maji. Tumia mchanga. Ndoo mbili za mchanga zikae karibu na mlango.
- Majivu yatolewe kwa koleo na kuwekwa kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na maranda. Kaa linaweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa. Majivu ya kuni yakipoa unaweza kuyatumia kiasi shambani, yanapunguza uchachu wa udongo. Ya makaa ya mawe usiyapeleke bustanini.

Kuna pia kengele ndogo ya betri inayopima kaboni monoksaidi. Hakikisha unaponunua, maana kengele ya moshi ni kifaa kingine na haitaisikia hewa hii. Iweke unapolala, usawa wa kichwa, na ibonyeze kuijaribu kila wiki. Kengele ni msaidizi, haichukui nafasi ya bomba wala tundu la hewa.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje kwanza, ingia umtoe haraka hadi hewani. Usikae ndani kumwamsha. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza. Wengine wote waliolala humo watolewe na wapimwe hata wakisema wako fiti. Mjamzito na mtoto mchanga ndio wa kwanza kuwahishwa.

Usimpe maziwa. Najua tunaamini maziwa yanaondoa sumu, lakini sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na mtu asiye na fahamu maziwa yataingia kwenye mapafu. Anachohitaji ni oksijeni ya hospitali.

Mkifika, mwambieni mganga wazi wazi: "Alikuwa amelala na jiko la mkaa." Neno hilo lina kazi kubwa. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma vizuri wakati mgonjwa ana hali mbaya, kwa sababu hakitofautishi oksijeni na hii hewa. Mkisema tu "amezirai", ataangaliwa kwa malaria.

Moto ukishika bomba au paa, toa watu, piga 114 Zimamoto, na kama unafikika funga mdomo wa jiko kuukosesha moto hewa. Vifaranga wanaagizwa tena.

Kabla hujalipia vifaranga

Fanya jambo moja. Siku tatu kabla ya vifaranga kufika, washa jiko usiku mzima banda likiwa tupu. Weka kipimajoto usawa wa mgongo wa kifaranga, andika joto kila saa mbili, hesabu kuni zilizotumika. Simama nje uone moshi unatoka wapi. Ukitoka kwenye bomba peke yake, vizuri. Ukiuona kwenye viungo, ukutani au mlangoni, rekebisha kwanza, kwa sababu panapopita moshi na ile isiyoonekana inapita. Usiku ule utakupa hesabu halisi ya kuni za wiki nne, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye bei yako ya kuku.

Ukikwama kwenye ramani ya jiko, mwone afisa ugani wa kata yako aje alione banda kabla fundi hajakata bati. Na kitanda chako kihamishie nyumba nyingine leo, kabla ya jioni.